Kufanya Mifumo Isomane: Mwongozo wa Miundombinu ya Pamoja, kwa Mfano wa Lweba, Baraka na Fizi

Mifumo miwili ya kompyuta inasomana pale taarifa iliyoandikwa mara moja katika mmoja inapotumika katika mwingine bila mtu kuiandika upya kwa mkono. Kasi ya intaneti husaidia kidogo tu katika jambo hili. Kinachohitajika hasa ni vitu vichache ambavyo mifumo yote hukubali kuvitumia kwa pamoja: orodha moja ya mahali, njia moja ya kumtambua mtu, msamiati mmoja, kitovu cha kupitishia ujumbe, utaratibu wa ruhusa, saa, na daftari la matukio. Wafadhili huvilipia kwa shingo upande, kwa kuwa havipigiki picha. Bila vitu hivyo, kila programu mpya inayoletwa kwenye taasisi huongeza kazi badala ya kuipunguza.

Katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutoka Lweba kwenda Baraka na kupanda milimani hadi Fizi, mahali rahisi pa kuona haja hiyo ni kituo cha afya. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu, ambaye Kongo huitwa titilere, huketi na rejista za wagonjwa, rula na kalamu. Hesabu ya malaria huitoa kwenye rejista na kuijaza katika kanevasi ya SNIS, yaani fomu ya mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Kisha huirudia kwenye fomu ya programu ya malaria. Huirudia kwenye ripoti ya dawa, ili ionekane kwamba dozi zilizotoka zinalingana na wagonjwa waliotibiwa. Kama kuna shirika linalokisaidia kituo, huirudia tena kwenye jedwali la shirika hilo. Mgonjwa ni mmoja, homa ni moja, hesabu ni nne. Zikitofautiana, na hutofautiana, anayeulizwa ni yeye.

Ngazi za juu hupokea hesabu hizo kwa DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake iko katika kazi iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Kongo nazo huitumia. Kwa hiyo tatizo la ukanda huu si kukosa mfumo. Kando ya DHIS2 kuna programu za watumishi, za dawa, za chanjo, za mashirika, na zile za wakimbizi wa Burundi waliopokelewa katika kambi ya Lusenda tangu 2015, na kila moja ilikuja na orodha yake ya vijiji.

Kuhesabu kabla ya kuunganisha

Kazi huanza kwa karatasi. Kila mfumo huandikwa mstari wake: jina, mwenye mali, seva ilipo, anayeingiza taarifa, anayezisoma, na kitakachobaki siku mfadhili akiondoka. Rejista za karatasi na majedwali ya Excel nayo ni mifumo; kuyaacha nje ya orodha ni kosa la kwanza la wataalamu wanaotoka mjini, maana huko ndiko taarifa nyingi zinakozaliwa.

Orodha ikishapatikana, hesabu fupi huonyesha kwa nini mifumo haiunganishwi miwili miwili. Mifumo 6 ikiunganishwa kila mmoja na kila mwingine, njia ni 15. Ikiwa 10, njia ni 45, na kila njia ina mtu anayeijua na siku atakayohama. Mifumo hiyohiyo 10 ikipitia kitovu kimoja, njia ni 10. Tanzania iliipita hatua hii kwenye malipo ya serikali: mwaka 2017 mfumo wa GePG ulianza kutumika, na badala ya kila taasisi kufanya mapatano yake na kila benki na kila kampuni ya simu, mlipaji hupewa namba moja ya malipo, maarufu kama kontroo namba, inayopokelewa kote. Taarifa nyingine kati ya taasisi za umma za huko hupitia kitovu cha GovESB kinachosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Orodha ya mahali

Neno Fizi peke yake ni mtego. Fizi ni teritware, yaani eneo la utawala chini ya jimbo, katika Kivu Kusini, yenye sekta 4: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Fizi ni mji mdogo ulio makao ya teritware hiyo. Fizi tena ni zoni ya afya, na zoni hiyo haienei teritware nzima, kwa kuwa ndani ya teritware kuna pia zoni za Nundu na Kimbi-Lulenge. Mipaka ya utawala na mipaka ya afya haikuchorwa na mkono mmoja. Ripoti inayosema "Fizi, wagonjwa 40" inaweza kuwa na maana tatu, na zote tatu zikawa za kweli.

Tanganyika ni mtego mkubwa zaidi: ni ziwa, ni sekta mojawapo ya Fizi, na tangu 2015 ni jimbo zima lenye makao yake Kalemie. Karani wa mbali anayechuja taarifa kwa neno hilo hupata samaki, wanakijiji wa kando ya ziwa na watu wa Kalemie kwenye kapu moja. Lweba nayo, kwa kuwa imeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, hukutwa pia kama Luweba au Lueba, kutegemea sikio na shule ya aliyeandika.

Dawa ni kila mahali kupewa namba isiyo na maana yoyote. DHIS2 hufanya hivyo kwa alama ya herufi na tarakimu 11, ya kwanza ikiwa herufi. Kenya ina Orodha Kuu ya Vituo ambamo kila kituo cha afya kina namba yake. Kishawishi cha kutia jina la jimbo au wilaya ndani ya namba kipo daima, na huonekana kama werevu. Mwaka 2015 Kongo ilitoka majimbo 11 ikawa na 26, Katanga ikagawanyika sehemu nne. Namba zote zilizokuwa zimebeba ufupisho wa jimbo la zamani zilianza kusema uongo siku hiyo, na hakuna aliyeweza kuzibadilisha bila kukata uhusiano wake na taarifa za miaka iliyopita.

Katika rejista ya mahali, kila kituo huhitaji namba yake, jina rasmi, majina mengine yanayotumika, mkubwa wake kwa upande wa afya, mkubwa wake kwa upande wa utawala, mmiliki, nukta za ramani, tarehe ya kufunguliwa na, ikibidi, tarehe ya kufungwa. Safu mbili za mkubwa ni muhimu katika Fizi kwa sababu iliyotajwa. Safu ya mmiliki ina uzito wake pia: hospitali ya Nundu, kwa mfano, ni hospitali kuu ya rufaa ya zoni na papo hapo ni mtoto wa misheni ya Methodisti Huru, na hospitali za aina hiyo huwa na wakubwa wawili.

Kituo kilichofungwa hakifutwi kwenye orodha; huwekewa tarehe ya mwisho. Kilichohamishwa na vita kikaenda kutibu watu kijiji cha pili hubaki na namba yake, nukta za ramani zikabadilishwa na tarehe ikaandikwa. Katika nchi ambamo zahanati inaweza kuhama na watu wake ndani ya usiku mmoja, kanuni hii hufanya kazi mara nyingi kuliko wabunifu wa programu wanavyodhani.

Kumtambua mtu

Mifumo mingi ya nje hutegemea kitambulisho cha taifa. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa ikitumika kama kitambulisho. Mtoto hana kadi hiyo, na watoto ndio wateja wakubwa wa zahanati. Taasisi inayosubiri kitambulisho cha taifa ili ianze kuwatambua wagonjwa au wanafunzi wake itasubiri sana. Huanza na namba yake yenyewe, na huacha nafasi kwa namba nyingine zitakazokuja.

Majina hayatoshi, na sababu zake zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Baadhi ya majina ya Kibembe huandikwa kwa apostrofi, kama M'munga. Kwa jicho la mtu hilo ni jina moja. Kwa kompyuta linaweza kuwa majina manne: lenye apostrofi iliyonyooka, kama inavyotoka kwenye kibodi, lenye apostrofi iliyopinda, kama simu nyingi na programu za uandishi zinavyoigeuza zenyewe, Mmunga bila alama, na M munga yenye nafasi katikati. Anayetafuta kwa mojawapo hayaoni matatu mengine, basi humwandikisha mtu upya.

Sababu ya pili ni njia ya ukimbizi. Tangu 1996 familia nyingi za Fizi zimeishi kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, na watoto wao wameandikwa na makarani wa Tanzania. Anayeandikwa Wilondja upande wa Baraka huandikwa Wilonja upande wa Kasulu, kwa sababu mkono mmoja umefundishwa kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiswahili cha shule. Mpangilio nao hubadilika: Kongo huweka jina, jina la pili na jina la ubatizo, Tanzania huweka la mtoto, la baba na la babu. Mtu aliyerudi ana karatasi mbili halali za watu wawili.

Tarehe za kuzaliwa hazisaidii sana. Katika kila orodha ya ukanda huu kuna kilima cha watu waliozaliwa 1 Januari, na wengi wao hawakuzaliwa siku hiyo. Mwaka ulijulikana na fomu ilidai siku.

Rejista ya watu kwa hiyo huhifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, na pembeni hutengeneza ufunguo wa kutafutia, usioonekana: herufi ndogo tupu, apostrofi na nafasi zimeondolewa, dj imekuwa j, ou imekuwa u. Majina yote anayoitwa mtu huwekwa bila kikomo, pamoja na jina la mama, ambalo katika vijiji hutofautisha watu kuliko tarehe. Tarehe ya kukisia huwekewa alama kwamba ni ya kukisia.

Namba ya kadi nayo huhitaji kinga, kwa kuwa itasomwa kwa sauti, itaandikwa kiganjani na itapigwa na mvua. Kinga ya kawaida ni tarakimu ya ukaguzi, kwa njia ambayo Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliiombea hataza mwaka 1954. Namba iwe 40271. Kuanzia kulia, tarakimu moja huzidishwa kwa mbili, inayofuata huachwa ilivyo, na kuendelea hivyo kwa kupokezana. Zao likizidi 9, hupunguzwa 9. Hupatikana 2, 7, 4, 0 na 8, jumla 21. Kinachokosekana ili kufikia 30 ni 9, basi kadi huandikwa 40271-9. Karani akiteleza akaandika 40721-9, hesabu hutoa 2, 2, 5, 0 na 8, jumla 17, ambayo ilidai 3, na kompyuta hukataa hapohapo, mgonjwa akiwa bado dirishani. Njia hii hunasa kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu jirani; kinachoiponyoka ni 09 ikigeuka 90, au 90 ikigeuka 09, basi.

Kompyuta ikihisi kwamba majina mawili ni mtu mmoja, kazi yake iishie kuhisi. Uamuzi wa kuunganisha hufanywa na binadamu, nao huwekwa uweze kurudishwa nyuma. Mtu mmoja kugawanyika faili mbili ni usumbufu. Watu wawili kuunganishwa faili moja ni mmoja wao kuongezewa damu ya kundi lisilo lake.

Wakimbizi huhitaji uangalifu wa namna yake. Shirika la UNHCR lina usajili wake, na namba za usajili huo hazifai kugeuzwa namba za hospitali. Mama wa Kirundi aliyetoka kambini kujifungua katika hospitali ya wenyeji hupewa namba ya hospitali kama mama mwingine yeyote. Namba ya ukimbizi hukaa kwenye safu ya pembeni inayoonwa na wachache, na haipandi na ripoti.

Msamiati mmoja

Watu wa Baraka husema kolera, vitabu husema kipindupindu, na hapo hakuna ugumu. Ugumu uko katika swali la nani ahesabiwe. Maelezo ya zamani ya mshukiwa, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, yaliweka umri wa kuanzia miaka 5. Mapya huanzia miaka 2. Mlipuko ukishatangazwa, mtu yeyote mwenye kuhara majimaji kwa ghafla huingia. Mfumo mmoja ukifuata maelezo ya zamani na mwingine mapya, takwimu zao hazitalingana hata mtandao ukiwa wa kasi namna gani, na watu watalaumu kompyuta.

Msamiati wa pamoja ni daftari ambamo kila neno lina namba, maelezo yake kamili, tarehe ya kuanza kutumika na neno lililolitangulia. Si lazima kuubuni upya. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani upo. Katika toleo la kumi kipindupindu ni A00, katika la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi 1 Januari 2022, ni 1A00. Taasisi huchagua toleo moja la kuhifadhia na kuweka jedwali la kutafsiri lile jingine. Muuguzi wa Lweba hana haja ya kuziona namba hizo. Kwenye skrini yake litokee neno analolisema, na namba ijiandike nyuma ya pazia.

Kitovu cha ujumbe

Kitovu ni programu inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja, kuukagua, kuutafsiri ikibidi na kuufikisha kwa mwingine. Kuna zilizo huru bila malipo, kama OpenHIM ya Jembi ya Afrika Kusini, na kuna kanuni za kimataifa za umbo la ujumbe wa afya, kubwa ikiwa FHIR. Estonia ilianza na mfumo wa serikali wa kubadilishana taarifa uitwao X-Road mwaka 2001. Programu si shida. Shida ya ukanda wa Fizi ni kwamba vitovu vingi vilibuniwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Sharti la kwanza basi ni foleni. Tableti ya kituo huandika ujumbe kwenye kumbukumbu yake yenyewe, huuweka kwenye foleni na kuutuma mtandao ukirudi, hata kama ni siku ya tatu. Muuguzi aone wazi kipi kimetoka na kipi kinasubiri. Alama mbili za rangi tofauti hutosha.

Sharti la pili husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linaloleta takwimu za ajabu. Tableti imetuma wagonjwa 7 wa kolera. Seva imepokea, lakini mtandao umekatika kabla ya jibu la "imepokelewa" kurudi. Tableti, kwa haki kabisa, inatuma tena. Kama ujumbe hauna namba yake ya pekee, seva hudhani ni taarifa mpya, na wagonjwa 7 huwa 14. Wiki hiyohiyo gari la dharura huondoka kwenda mahali pasipo na dharura. Ujumbe ukiwa na namba, seva huona imekwisha kuupokea, hujibu "imepokelewa" na haihesabu mara ya pili.

Sharti la tatu ni kuwa na njia zaidi ya moja kwa taarifa zilezile. Ripoti ya wiki ya kolera haihitaji intaneti. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na "KOL 23 5186-2 7 1" hutosha kusema kolera, wiki ya 23, kituo namba 5186 chenye tarakimu ya ukaguzi 2, wagonjwa 7, kifo 1. Kituo kisicho na hata simu hutuma karatasi kwa pikipiki au mtumbwi, na karani wa zoni huiingiza kwa niaba yake, jina la karani likibaki kwenye kumbukumbu. Kitovu kizuri huzipokea njia zote hizo na kuzitoa kwa umbo moja. Taarifa ikija kwa njia mbili, ile namba ya kituo pamoja na namba ya wiki hufichua urudufu.

Ruhusa, na daftari la matukio

Katika ofisi nyingi za ukanda wa maziwa, neno la siri la akaunti kuu limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta. Kuwakemea watu hakujawahi kuiondoa karatasi hiyo. Inabandikwa kwa sababu kila mfumo unadai neno lake, na mtu mmoja ana mifumo mitano. Huduma ya pamoja ya kuingia, ambamo mtu hujitambulisha mara moja na mifumo yote ikamkubali, huifanya isiwe na kazi.

Ruhusa hupewa cheo, na mtu hupewa cheo kwa muda maalumu. Muuguzi akihamishwa kutoka Lweba kwenda Fizi, mstari mmoja hubadilishwa kwenye rejista ya watumishi, na asubuhi yake anaona wagonjwa wa Fizi na haoni tena wa Lweba. Bila huduma ya pamoja, mstari huo hubadilishwa mara tano, au, kama inavyokuwa kwa kweli, haubadilishwi, na watu walioacha kazi miaka iliyopita bado wana funguo.

Zipo taarifa zisizopaswa kupita kwenye kitovu zikiwa na majina hata kama ruhusa zimepangwa vizuri: za manusura wa ubakaji, za VVU, na za asili au kabila la mtu katika eneo lenye mapigano. Kwa hizo, idadi peke yake hupanda, na idadi ikiwa ndogo sana kwa kijiji kimoja, hujumlishwa na ya vijiji jirani, kwa kuwa "mmoja, Lweba, Machi" ni jina kwa yeyote anayeishi hapo. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya taarifa binafsi, na makubaliano yoyote ya kuunganisha mifumo hunukuu vifungu vyake kabla waya wa kwanza haujachomekwa.

Daftari la matukio huandika nani aliangalia nini, lini na kutoka wapi. Huandikwa kwa kuongezwa tu, bila kufutwa, hata na msimamizi mkuu.

Idhini

Ripoti hupita mikononi: kituo, ofisi ya zoni, mganga mkuu wa zoni, jimbo. Huduma ya pamoja ya idhini huonyesha ripoti iko kwa nani na tangu lini. Inaporudishwa kusahihishwa, hurudi na maelezo, na toleo la kwanza hubaki. Hayo yakiwepo, mengine ni mapambo.

Saa na wiki

Kivu Kusini iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ripoti iliyotumwa Baraka tarehe 1 Julai saa 6:30 usiku, kwa seva yenye saa ya Kinshasa, imetumwa 30 Juni saa 5:30 usiku, na kama seva hupanga ripoti kwa miezi, imeingia mwezi mwingine na nusu mwaka mwingine. Mifumo yote huhifadhi saa ya dunia, pamoja na eneo ilikotoka, na kuigeuza wakati wa kuonyesha tu. Tarehe ya tukio na tarehe ya kutuma huwekwa kwenye safu mbili tofauti.

Wiki za magonjwa zina kasoro yake. Wiki ya kimataifa huanza Jumatatu, ya Marekani huanza Jumapili, na programu iliyoletwa na shirika inaweza kuja na yoyote. Isitoshe, baadhi ya miaka ina wiki 53, kama 2020 na 2026. Mfumo uliojengewa 52 huitupa wiki ya mwisho bila kusema neno.

Mwenye mali

Kila orodha ya pamoja huhitaji ofisi moja inayoimiliki na mtu mmoja anayejulikana kwa cheo. Kamati nzima haiwezi kumiliki orodha ya vituo. Inaweza kuijadili tu. Kwa Fizi, ofisi kuu ya zoni ya afya ndiyo inayojua kituo kipi kimefungwa wiki hii, basi hiyo ndiyo hupendekeza mabadiliko, jimbo likathibitisha, na mifumo mingine ikasoma bila haki ya kuandika. Shirika linalotaka kuongeza kituo chake huomba, halijiandikii.

Gharama huandikwa kwa miaka baada ya mfadhili: ada ya seva, ya jina la mtandao, ya bando za tableti, ya betri za sola zitakazochoka, na ya mshahara wa mtu mmoja wa kudumu. Ada ya jina la mtandao ni ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Ikipita tarehe, mfumo wote hutoweka asubuhi moja, taarifa zikiwa salama mahali pasipofikika.

Mpangilio wa kazi na majaribio

Kwa taasisi inayoanza, orodha ya mahali hutangulia kila kitu. Hufuata kiungo kimoja cha kweli, kidogo na chenye faida ya haraka; ripoti ya wiki ya kolera kutoka vituo vya ziwani hufaa, kwa kuwa ni fupi na kuna anayeisubiri. Rejista ya watu huja baadaye, ikianzia hospitali moja, maana ndiyo ngumu na ndiyo hatari.

Kabla ya kuzindua, mambo manne hujaribiwa mbele ya watakaoutumia mfumo. Tableti huzimwa katikati ya kutuma, ikawashwa, na idadi ikaangaliwa kama haijaongezeka. Namba yenye tarakimu zilizobadilishana huingizwa, ionekane inakataliwa. Mtumishi wa majaribio huhamishwa, na huangaliwa kama bado anaona wagonjwa wa zamani. Mwisho, nakala rudufu hurudishwa kwenye kompyuta nyingine isiyohusika kabisa, na saa zilizotumika huandikwa ukutani. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haihesabiwi kuwa ipo.

Kisha huja kazi ambayo hakuna programu inayoifanya, ya kuziondoa fomu za zamani. Titilere aliyeambiwa kwamba sasa atajaza moja badala ya nne ataendelea kujaza nne hadi aone karatasi yenye muhuri. Barua ya mganga mkuu wa zoni hutaja kila fomu kwa jina na tarehe ya mwisho ya kutumika, hunakiliwa kwa kila shirika lililokuwa likiidai, na pikipiki inayoipeleka hurudi na vitabu vya fomu visivyojazwa vilivyobaki kabatini.